Subjonctif passé ya Kifaransa: kama unajua kusema "uwe umemaliza", nusu unayo tayari

Nilikuwa ndani ya kreta ya Ngorongoro na wageni wanne Wafaransa, saa kumi na moja na robo jioni, faru mmoja yuko mbali kule kama jiwe jeusi kwenye majani na kila mtu kwenye gari anataka tumsubiri asogee. Sasa saa kumi na mbili inatakiwa magari yote yawe yameshapanda juu na dereva ni mimi, anayekuja kujibu ni mimi, kwa hiyo nikataka kuwaambia kistaarabu kwamba jamani saa kumi na mbili tuwe tumeshatoka. Kichwani kwa Kiswahili imekaa vizuri kabisa, mdomoni ikatoka "il faut que nous avons sorti avant dix-huit heures". Wakanielewa, mgeni ukimwonyesha saa anaelewa tu. Ila mama mmoja wa siti ya nyuma, mwalimu mstaafu, akarudia polepole bila kunicheka: que nous soyons sortis. Makosa mawili kwenye maneno mawili, na njia nzima ya kupanda ukuta wa kreta nikawa naisema kimoyomoyo, soyons sortis, soyons sortis.

Baadaye nikaja kugundua kitu ambacho kingenipunguzia miezi ya kuhangaika. Muundo ule ni huu huu wetu. Angalia: tuwe tumetoka. Kitenzi "kuwa" kimekaa kwenye ile -e ya mwisho, nyuma yake kitenzi chenyewe kimekaa kwenye -me-. Mfaransa naye anafanya vivyo hivyo, anachukua "kuwa" yake (être) au "kuwa na" yake (avoir), anaiweka kwenye subjonktifu, yaani -e yao, afu anabandika kitenzi kilichokamilika. Tuwe tumetoka, nous soyons sortis. Uwe umemaliza, tu aies fini. Vitabu nilivyosomea mimi vyote vimeandikwa kwa ajili ya Waingereza, ambao hiyo -e imeshawatoka karibu yote kwenye lugha yao, ndo maana vinaielezea kama ugonjwa wa ajabu. We unaisema kila siku, "nikirudi nikute uwe umeshaosha vyombo".

Twende kwenye kuiunda kwanza, hapo ni rahisi.

Unahitaji kisaidizi (hiyo être au avoir) na patisipe (hicho kitenzi kilichokamilika). Patisipe ni ile ile uliyoitumia kwenye passé composé, wakati uliopita wa kila siku: mangé, fini, vendu, fait, dit, pris, mis, vu, lu, reçu, ouvert, venu, hizo zote unazijua. Kama passé composé bado inakuyumbisha basi acha hii kwanza, karudi kule, maana hapa kinachobadilika ni neno moja tu. J'ai mangé inakuwa que j'aie mangé. Tu es venu inakuwa que tu sois venu. Mengine yote yanabaki yalivyo.

Visaidizi vyenyewe hivi hapa, vikariri kama nyimbo ya chekechea:

avoir: que j'aie, que tu aies, qu'il ait, que nous ayons, que vous ayez, qu'ils aient

être: que je sois, que tu sois, qu'il soit, que nous soyons, que vous soyez, qu'ils soient

Kwenye kusikia mambo ni mepesi, aie, aies, ait na aient zote ni "e" moja tu kama ya "pesa", na sois, soit, soient zote ni "swa". Shida iko kwenye kuandika. Hivi vitenzi viwili ni vikorofi kuliko vingine vyote vya Kifaransa: vingine kwenye subjonktifu ya sasa nafsi ya tatu inaishia na e (qu'il fasse, qu'il vienne, qu'il puisse), hivi viwili peke yake vinaishia na t, qu'il ait, qu'il soit. Kwa hiyo ukiandika "qu'il aie" umekosea, na usijisikie vibaya, Wafaransa wenyewe wanakosea hapo kila siku. Halafu ayons, ayez, soyons, soyez hazina i baada ya y. Ukiona mtu kaandika "soyions" ujue kaongeza chumvi.

Nyingine ya kuandika: j'ai na j'aie kwa sikio zinakaribiana mno, kwa hiyo huwezi kutegemea masikio, itabidi ujue sarufi ya sentensi inataka nini. Njia ya panya ninayotumia mimi ni kubadilisha nafsi kichwani. Kama sijui niandike j'ai au j'aie, naweka "sisi": ningesema nous avons au nous ayons? Jibu linakuja lenyewe.

Être au avoir? Kama kwenye passé composé tu. Vitenzi vingi vinachukua avoir. Être inachukuliwa na vile vya kwenda na kurudi (aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, rester, tomber, naître, mourir na ndugu zao) pamoja na vyote vyenye se, kama se lever, se perdre, se tromper. Ila kwenye hiyo orodha kuna vinyonga. Descendre, monter, sortir, rentrer, passer na retourner, vikipata kitu cha kutendwa vinahamia avoir. Kwenye kazi yetu hii tofauti unakutana nayo kila ukifika loji:

Je suis content que vous soyez descendus. (Nimefurahi mmeshuka.)

Je suis content que vous ayez descendu les valises. (Nimefurahi mmeshusha mabegi.)

Kiswahili kinatenganisha kwa kubadili kitenzi, kushuka na kushusha, Kifaransa kinabadili kisaidizi. Ukishaona hivyo huna haja ya kukariri.

Upatanisho nao ni ule ule. Kwa être patisipe kwa kawaida inamfuata mtenda: qu'elle soit partie, qu'ils soient partis, qu'elles soient parties. Kwa avoir inakaa kimya, isipokuwa kitu kinachotendwa kimetangulia mbele. Usiidharau hiyo "isipokuwa", nitarudi kwayo.

Ukikanusha, ne na pas zinakibana kisaidizi: que tu n'aies pas compris, qu'il ne soit pas venu. Na kama kuna se inakaa baada ya ne: qu'elle ne se soit pas réveillée.

Sasa matumizi, na hapa ndo penye kazi. Kuna maswali mawili ya kujiuliza na watu wengi wanayachanganya kuwa moja. La kwanza, je hapa panahitaji subjonktifu kabisa? La pili, kama panahitaji, ni ya sasa au iliyopita?

Swali la pili nalijibu kwanza kwa sababu Kiswahili kinakubeba. Ichukue sentensi ndogo, ile inayokuja baada ya que, iseme kwa Kiswahili. Ikitoka na -na-, -ta- au -e peke yake, tumia subjonktifu ya sasa. Ikitoka na -me-, -li-, -mesha- au ule muundo wa "awe ame-", tumia iliyopita.

Je suis content qu'il vienne: nimefurahi anakuja, au atakuja. Je suis content qu'il soit venu: nimefurahi amekuja. Je ne crois pas que les lions mangent: sidhani kama hawa simba wanakula. Je ne crois pas que les lions aient mangé: sidhani kama wamekula. Umeona? Na -li- pia, hata ile ndefu ya "alikuwa anafanya": sidhani kama alikuwa anaishi Arusha ni je ne crois pas qu'il ait habité à Arusha. Kifaransa cha mdomoni siku hizi hakina subjonktifu nyingine ya mambo ya zamani, hii moja inabeba mizigo yote.

Kinachoangaliwa ni kama tendo la sentensi ndogo limetangulia kitenzi cha sentensi kubwa, au saa iliyotajwa, kalenda haihusiki. Kwa hiyo sentensi kubwa ikiwa ya zamani haibadilishi kitu. J'étais content qu'il soit venu, nilifurahi kwamba alikuwa amekuja, bado ni soit venu. Na inaweza hata kuwa ya kesho, kama ile ya kreta: il faut que nous soyons sortis avant dix-huit heures, kutoka kwenyewe bado, ila ikifika saa hiyo kuwe kumeshatokea. Watu wakisikia neno "passé" wanadhani lazima iwe jana.

Kipimo changu kina tundu moja, nalisema mapema usije ukanilaumu. -me- yetu mara nyingine haielezi tendo lililokwisha, inaeleza hali mtu aliyo nayo sasa hivi. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba. Kwa Mfaransa hizo ni za sasa. Simba amelala pale chini ya mti, unataka kusema unashukuru amelala: je suis content que le lion dorme. Ukisema que le lion ait dormi maana yake alilala, kwa hiyo sasa inawezekana yuko macho, na kama muda huo umeshuka kwenye gari kuchimba dawa hiyo tofauti si ya kitabuni tena. Umechoka nayo inadanganya macho: que tu sois fatigué inafanana kabisa na que tu sois parti, ila fatigué pale ni sifa tu, ni subjonktifu ya sasa ya être na kivumishi chake.

Haya, swali la kwanza, lini subjonktifu inahitajika kabisa. Hapa Kiswahili kinakuacha kwenye mataa. Sisi -e tunaiweka hasa kwenye kutaka, lazima na kuomba. Nataka uje, ni lazima afike. Mfaransa anaiweka pia kwenye furaha, huzuni, hasira, mashaka na mshangao. "Nimefurahi kwamba umekuja" kwetu haina -e hata ya dawa, kwake ni que tu sois venu. Kwa hiyo hapa hakuna ujanja, unakariri vichochezi, yaani maneno yanayoidai. Mi nilivikariri kwa sentensi za kazini, ukikariri orodha kavu zinatoka kichwani ndani ya wiki.

C'est dommage que vous n'ayez pas vu le léopard. Hii naisema kila wiki, chui ni mtu wa kujificha. Je suis désolé que le vol ait été annulé. Je regrette que vous n'ayez pas reçu mon message. Ça m'étonne qu'il ait oublié. Il est possible qu'il ait plu cette nuit, huenda mvua ilinyesha usiku. Je ne pense pas qu'elle ait compris. Bien que nous soyons partis tôt, nous sommes arrivés en retard, ingawa tuliondoka mapema. Na ile ninayoipenda kuliko zote, pourvu que, unaisema ukiwa na wasiwasi njiani kwenda uwanja wa ndege: pourvu qu'il n'ait pas oublié son passeport! Hiyo kwa Kiswahili ni "asiwe amesahau pasipoti tu", neno kwa neno, -e yake na -me- yake.

Baada ya yule mama kunirekebisha nililewa. Nikawa naipachika kila mahali, msimu mzima kila asubuhi nawasalimia wageni "j'espère que vous ayez bien dormi", najiona msomi. Hapana. Espérer haichukui subjonktifu ikiwa ya kawaida, ni j'espère que vous avez bien dormi. Kutumaini kwao wanakuweka kwenye kundi la kuamini. Je crois que, je pense que, il est certain que, il est probable que, zote hizo zikiwa bila kukanusha zinabaki na indikatifu, yaani kitenzi cha kawaida kisicho subjonktifu, ukizikanusha ndo mlango unafunguka: je pense qu'il est parti, je ne pense pas qu'il soit parti. Ona hapo possible na probable wamepishana, "inawezekana" inachukua subjonktifu, "yaelekea" haichukui. Mantiki ipo, kadiri unavyokuwa na uhakika ndivyo unavyorudi kwenye indikatifu, ila mpaka uipate damuni utakosea kidogo.

Na après que. Kitabuni ni indikatifu, après qu'il est parti, kwa sababu jambo limeshatokea kweli, halina mashaka. Mtaani Wafaransa wengi wanasema après qu'il soit parti. Kwenye mtihani andika ya kitabuni, kwenye stori sema utakavyo.

Kabla, sasa. Avant que inachukua subjonktifu, na hapa kipimo changu cha -me- hakifanyi kazi kwa sababu Kiswahili hapo kinaleta -ja-, kabla hajaondoka. Mara nyingi ya sasa inatosha, avant qu'il parte. Iliyopita unaitumia ukitaka kukazia kumalizika: ne bougez pas avant que l'éléphant soit passé, msisogee mpaka tembo awe amepita.

Utakutana pia na avant qu'il ne parte, na hiyo ne imewachanganya watu wengi kwa sababu haikanushi kitu. Walimu wanaita ne explétif na wanahangaika sana kuieleza kwa nini ukanushi unakaa pasipo na ukanushi. Kwa Mswahili si ajabu hata kidogo! Sisi wenyewe tunasema kabla HAjaondoka, na kabla hajaondoka hakuna anayekataa kwamba ataondoka. Hata kwenye kuogopa: naogopa asije akawa ameondoka, kuna "si" pale ndani na bado maana yake ninachohofia ni kwamba ameondoka. J'ai peur qu'il ne soit parti. Ni kitu kile kile. Ukitaka kukanusha kweli unaongeza pas, j'ai peur qu'il ne soit pas parti, naogopa hajaondoka. Hiyo ne ya urembo si lazima, mdomoni wengi wanaiacha, ila kwenye barua inakupandisha hadhi.

Nilisema nitarudi kwenye upatanisho wa avoir. Sehemu utakayoisikia subjonktifu hii mara nyingi kuliko zote ukiwa na watalii ni kwenye kusifia, maana mtalii akiona kitu ndicho kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuona. C'est le plus gros éléphant que j'aie jamais vu. Jamais pale haikanushi, ni ile "-wahi" yetu, tembo mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona. Le seul, le premier na le dernier zinaenda njia hiyo hiyo: c'est le seul guépard que nous ayons vu. Sasa angalia que inasimama badala ya tembo, na imetangulia mbele ya kitenzi, kwa hiyo patisipe lazima imfuate. Tembo ni wa kiume hauoni kitu. Badili uweke twiga: c'est la plus belle girafe que j'aie vue. Na e. Les plus belles photos que j'aie prises, na es, na hii hata inasikika, "priz". Kwenye sentensi za kusifia upatanisho huu unajitokeza karibu kila mara na watu wanausahau kwa sababu akili yote iko kwenye aie.

Mtego wa jirani: c'est la première fois que inabaki na indikatifu. C'est la première fois que je vois un rhinocéros. Haijalishi kuna première ndani.

Kitu kingine ambacho kinawaponza hata waliofika mbali, kwenye vichochezi vya hisia kama content na désolé, mtenda akiwa yule yule pande zote mbili usitumie que kabisa (bien que haiguswi na hii). "Nimefurahi kwamba nimemaliza" usiitafsiri je suis content que j'aie fini, sema je suis content d'avoir fini. Samahani nimechelewa ni je suis désolé d'être en retard. Hata sisi tunaweza kusema nimefurahi kumaliza, kwa hiyo ukiona "mimi... mimi" kimbilia de na infinitifu.

Kwenye riwaya za zamani utaona vitu kama qu'il fût venu au qu'il eût compris, na kofia juu ya u. Hizo ni babu zake hii, zilikuwa zinatumika sentensi kubwa ikiwa ya zamani. Zitambue ukizisoma, usizitumie kwenye maongezi, utaonekana umetoka kaburini. Kwa anayejiandaa na DELF B2, ule mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, hii ya kawaida inakutosha sana, hasa kwenye ile barua au insha ya maneno 250 na kuendelea ambapo mara nyingi unalalamika au kushawishi: je regrette que vous n'ayez pas tenu compte de... ukiiweka moja au mbili ikiwa sahihi msahihishaji anaiona. Ukiweka sita anaona pia, ila kwa jicho lingine. Wasomaji wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura mliosomeshwa kwa Kifaransa toka mkiwa wadogo, nyie mnaijua kwa masikio, kazi yenu ni ile t ya ait.

Jipime. Funika chini uandike kwanza: (1) Sidhani kama wameelewa. (2) Nasikitika kwamba Amina hakuja. (3) Nataka uwe umelipa kabla ya Ijumaa. (4) Natumai mmekula. (5) Nimefurahi nimekuona. (6) Ni picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga.

Majibu. Ya kwanza je ne pense pas qu'ils aient compris. Ya pili je regrette qu'Amina ne soit pas venue, na e ya Amina usiisahau. Ya tatu je veux que tu aies payé avant vendredi. Ya nne j'espère que vous avez mangé, kama umeandika ayez karibu kwenye chama. Ya tano je suis content de t'avoir vu, au vue kama unayemwambia ni mwanamke, kwa sababu t' imetangulia, na content inakuwa contente kama we mwenyewe ni mwanamke. Ya sita c'est la plus belle photo que tu aies jamais prise, na hiyo prise ukiitamka bila z, abiria wa siti ya nyuma atakurekebisha.